Mlinganisho Darasani: Mvinyo wa Ujerumani na Muziki wa Mozart

Mwalimu atumiaye mlinganisho hana budi kujiuliza kwanza kama mwanafunzi anakijua kile anacholinganishiwa. Kanuni hiyo tuliisoma zamani. Tuliielewa siku tulipofedheheka mbele ya wanachuo.

Tulitaka kuonyesha jinsi ladha, jambo lisiloshikika, inavyoweza kuelezwa kwa lugha. Tukasema kwamba mvinyo wa Joh. Jos. Prüm, wa kijiji cha Wehlen kando ya mto Mosel, ni kama muziki wa Mozart: mwepesi, mtamu, na utamu wake hauchoshi. Ule usio na utamu wa Keller, wa Rheinhessen, tuliufananisha na Bach, ambaye sauti zake kadhaa hufuatana bila moja kuimeza nyingine. Tulijiona tumesema vema. Mwanachuo mmoja akasimama: “Samahani, Mwalimu. Bach sijamsikia, na mvinyo sinywi. Sasa nimeelezwa nini?”

Hatukuwa na jibu.

Juma lililofuata tulileta kinasa sauti, ndimu, sukari na maji. Kila mmoja alionja maji ya ndimu matupu, kisha tukaongeza sukari kidogo kidogo hadi utamu na uchachu vikapatana. Hapo ndipo tulipowasikilizisha Mozart. Tukaeleza na sababu: katika bonde la Mosel lenye ubaridi, zabibu za Riesling huiva polepole na uchachu wake hubaki, nako kwa Prüm kazi ya hamira hukoma kabla sukari yote haijageuka kileo. Kwa Keller, katika mvinyo huo, sukari karibu yote hugeuka. Bach tulimrudia mara tatu (hata sisi tulipotea njiani), wanachuo wakifuata sauti moja moja kwa kidole.

Tukadhani tumefaulu. Kumbe katika zoezi mmoja aliandika kwamba Mozart ndiye aliyewafundisha akina Prüm kutengeneza mvinyo. Mozart alifariki mwaka 1791. Nyumba ya Joh. Jos. Prüm ilianzishwa mwaka 1911! Kosa lilikuwa letu, kwani hatukusema mlinganisho unakomea wapi.

Tangu hapo ubao wetu una safu mbili: vitu vinapofanana, na vinapoachana. Ya pili huwaachia wanachuo. Siku ile ilijaa hadi chini: muziki haulevyi, mvinyo ukishanyweka haurudiwi, Mozart hakulima zabibu.