Mwenyeji na Mgeni katika Tokooos

Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba Liputa ni jina la mwanamke. Fally Ipupa alimwimba kwa sauti nyororo, nami, mtoto wa miaka minane huko Lusangi, kusini mwa Maniema, nilimwonea huruma mwanamke huyo bila kumjua. Nilimpa sura, nikampa kijiji, nikamwamulia kwamba aliondoka bila kuaga. Miaka ilipita ndipo nikaambiwa kwamba liputa kwa Kilingala ni kitenge, ile nguo ambayo mama alijifunga kila siku ya soko.

Naanza na kosa hilo kwa sababu bila hilo siwezi kueleza ugomvi wangu na Tokooos, albamu ambayo mwanamuziki huyohuyo aliitoa Julai 2017. Wenzangu hapa kitivoni wanajua kwamba mimi ni mshabiki wa Fally wa siku nyingi. Wanajua pia kwamba albamu hiyo ikitajwa nanyamaza. Leo nataka kusema kwa nini.

Nyumbani kwetu lugha zilikuwa na kazi zake. Kibangubangu kilikuwa cha bibi na cha misibani. Kiswahili kilikuwa cha watu wote, cha soko, kanisa na msikiti. Kifaransa kilikaa darasani na hakikutoka humo. Kilingala hakikuwa na mahali, isipokuwa kwa watu wawili: askari na redio ya yaya wangu.

Kuhusu askari, historia inajulikana. Kilingala kilikuwa lugha ya Force Publique, jeshi la Wabelgiji, na jeshini hakijatoka hadi leo. Kwa watu wa mashariki, kusikia Kilingala njiani usiku kulimaanisha kuzima taa. Lakini nisijifanye mtakatifu. Kiswahili chetu cha Maniema nacho hakikuletwa na maharusi. Kilikuja na misafara ya pembe na watumwa, na Kasongo, mji ambao tunajivunia kwa Kiswahili chake kizuri, ulikuwa ngome ya Tippu Tip kabla ya kutekwa na jeshi la Dhanis mwaka 1893. Lugha zote mbili zilitufikia zikiwa na bunduki begani. Tofauti ni kwamba moja ilikwisha kukaa muda mrefu hadi tukaiita mama.

Kuhusu redio, yaya alikuwa na kanda ya Droit Chemin, albamu ya kwanza ambayo Fally aliitoa peke yake mwaka 2006 baada ya kuondoka Quartier Latin, bendi ya Koffi Olomide. Betri zilipochoka yaya alizianika juani, tukapata nyimbo mbili zaidi. Sikuelewa maneno, lakini nilijua kila wimbo unavyokwenda: sauti inaanza polepole, inabembeleza, kisha gitaa zinapanda, mwimbaji anajiweka kando, na sebene inaanza. Kwa mara ya kwanza Kilingala kilinijia bila kuniuliza kitambulisho.

Polepole nikaanza kukisikia kama ndugu aliyelelewa mbali. Bato walikuwa watu, bana walikuwa wana, miso yalikuwa macho. Mengine yalinidanganya. Niliposikia moto nilidhani kuna kitu kinaungua, kumbe aliyetajwa ni mtu. Kilingala hutenga mtu na moto kwa toni, na sikio langu la Kiswahili halikuwa na toni. Nikisema kwamba nilianza isimu hapo, sitanii. Sikuwa na daftari, nilikuwa na kanda moja.

Mwaka 2013, nikiwa na miaka kumi na mitatu, nilikwenda Kasongo na mama kwa pikipiki. Tulikuwa na gunia la mpunga, na pesa za karo yangu mama alikuwa amezifunga kwenye pindo la kitenge. Njiani kulikuwa na kizuizi. Mtu mwenye bunduki aliuliza: Okei wapi? Dereva alinyamaza. Mama aliangalia chini. Mimi nilielewa neno la mwisho, kwa kuwa wapi ni la kwetu, Kilingala kimeliazima, na la kwanza nililikisia. Nikajibu kwa Kilingala.

Tatizo ni kwamba Kilingala changu chote kilikuwa cha mapenzi. Sikujua neno la gunia, la barabara, wala la shule. Nilitaka kumwomba atuhurumie, nikamwita motema na ngai, yaani moyo wangu. Yule bwana alinitazama, kisha akacheka mpaka akaiegemea bunduki. Akaniuliza nani kanifundisha. Nikasema: Fally. Akaniimbia kipande, nikamalizia. Kamba ikashushwa, na pindo la kitenge cha mama halikufunguliwa. Mama hakusema kitu hadi tulipofika Kasongo, ndipo akasema kwamba kumbe kelele za redio ya yaya zina faida.

Sasa mnaweza kuelewa nilivyoipokea Tokooos. Nilikuwa sekondari, Kasongo. Yaya, ambaye wakati huo alikuwa akichimba dhahabu upande wa Salamabila, alinitumia albamu nzima kwenye kadi ya simu ndani ya bahasha. Niliingiza kadi, nikavaa visikizio, nikangoja gitaa zipande.

Hazikupanda. Nyimbo zilikuwa fupi, zilikwisha pale ambapo zamani tungekuwa ndiyo kwanza tunaketi. Katika Kiname kulikuwa na Booba, mfokaji wa Ufaransa. Katika Bad Boy kulikuwa na Aya Nakamura. Katika Nidja kulikuwa na R. Kelly na Kiingereza chake. Wimbo huo tangu mahakama ya New York ilipomtia hatiani mwaka 2021 nauruka, na sioni hasara. Albamu ilitolewa na kampuni kubwa ya Ufaransa, na ilisikika hivyo: safi, imepigwa pasi, haina jasho. Jina lenyewe linatokana na kitoko, uzuri, lakini nilihisi kwamba uzuri huo umeandaliwa kwa ajili ya wageni sebuleni, nasi tuchungulie dirishani.

Jambo lililoniuma zaidi ni kwamba nilielewa. Kifaransa cha shule kilinitosha. Maneno ambayo kwa miaka kumi nilikuwa nayajaza mwenyewe, safari hii yalikuja yamejaa tayari: napendeza, unapendeza, twende tucheze. Hapakuwa na nafasi ya kumweka Liputa.

Mwaka wa pili hapa chuoni tulisoma nadharia ya Carol Myers-Scotton kuhusu kuchanganya msimbo, ambayo aliijenga kwa sehemu kubwa juu ya Kiswahili na Kiingereza cha Nairobi. Watu wanapochanganya lugha mbili, anasema, moja huwa mwenyeji na nyingine mgeni. Mwenyeji ndiye anayetoa fremu ya sentensi: mpangilio, viambishi, upatanisho. Mgeni huletewa kiti na kukaa anapoonyeshwa. Nikafurahi sana, kwa kuwa nilipata silaha. Kifaransa kilikuwepo kwa Fally tangu mwanzo. Droit Chemin yenyewe ni jina la Kifaransa. Lakini katika albamu ile Kifaransa kilikuwa mgeni: kiliingia kwenye sentensi ya Kilingala, kikavishwa viambishi, kikatii. Katika sehemu kubwa ya Tokooos mambo yamegeuka. Kifaransa ndicho kinachoketi kwenye kiti cha baba, na Kilingala kinapita na sahani ya pilipili.

Bado naamini uchambuzi huo ni sahihi. Niliubeba hadi Lusangi likizo iliyofuata, nikamsomea yaya barazani. Alinisikiliza hadi mwisho, mkono shavuni. Kisha akasema:

«Mdogo wangu, wewe unataka Fally akae palepale ulipomwacha. Na wewe je? Ulipokuja jana bibi aliniuliza kama mgeni huyu anakunywa chai. Unatuongelea Kiswahili cha redio. Jina la mto unalitaja kama unalisoma kwenye karatasi. Nani alikukataza kwenda?»

Sikuwa na jibu, na nadharia niliyokwenda nayo haikuwa na sura ya hilo. Ni kweli. Nikiwa nyumbani, Kiswahili sanifu ndicho kinachotoa fremu ya sentensi zangu, na maneno ya kwetu yanapita na sahani. Sikukusudia. Ndivyo inavyokuwa mtu akitaka kusikika mbali: anaanza kuacha nyuma yale ambayo walio mbali hawatayapokea. Fally alizaliwa Kinshasa mwaka 1977, akawa nyota wa mji wake, akataka na Paris imsikie. Mimi nilitaka mwalimu wangu anisikie. Bei ni tofauti, ila soko ni lilelile.

Yaya aliongeza jingine ambalo sikulipenda, na ambalo ni kweli vilevile. Katika rumba ya zamani, alisema, kila baada ya mistari michache unatajiwa jina la tajiri fulani. Hizo ndizo mabanga, majina ambayo waimbaji huyatupa ndani ya wimbo kwa malipo au kwa fadhila. «Ulikuwa unalia kwa jina la mwagizaji wa magari ukidhani ni la mpenzi.» Katika Tokooos majina hayo yamepungua sana. Kwa hiyo hata ile sauti niliyodhani inaimba kutoka moyoni kwenda moyoni ilikuwa na wateja wake, na mtoto wa Lusangi hakuwa mmoja wao. Fally hakuwahi kuniimbia mimi. Nilikuwa nasikiliza ukutani tangu siku ya kwanza.

Hapo ndipo nilipofika, na sijavuka. Naweza kusema kwamba Fally mwenyewe alirudi karibu na rumba katika Control ya 2018 na Formule 7 ya 2022, na kwamba katikati yake, Desemba 2021, UNESCO iliitia rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa binadamu. Lakini hayo hayaibadilishi Tokooos. Nimeisikiliza tena mara nyingi kwa ajili ya makala haya. Naona ni albamu iliyotengenezwa vizuri, na sehemu yake kubwa hainihitaji. Wimbo mmoja tu sijawahi kuuruka: Eloko Oyo. Mapigo yake ni ya ngoma ya kwetu nchini, hauna mgeni yeyote aliyealikwa, na ndio uliofika kila mahali, hata kwa watu wasiojua neno moja la Kilingala. Sitaki kulifanya hilo somo. Huenda watu walipenda ngoma tu.

Ila kuna mdogo wangu wa mwisho, ana miaka tisa. Kwake yeye Fally anaanza na Eloko Oyo. Droit Chemin ni kitu cha wazee. Likizo iliyopita nilimkuta uani akiucheza wimbo huo, mguu juu, vumbi limemjaa hadi magotini. Nikamwuliza kama anajua eloko ni nini. Akasema ni mnyama, mkubwa, anakaa mtoni, na watu wanamkimbia.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na kila kitu tayari: eloko ni kitu, wingi wake ni biloko, ngeli yake ni ndugu wa ki-vi ya kwetu, na oyo ni hiki. Yaya alikuwa barazani akinitazama.

Nikamwuliza mdogo wangu mnyama huyo ana mkia au hana.