Mipira ya kinga na njia ya Bendera

 Juma lililopita kamati ilitutuma sisi watatu, walimu wawili na mama mweka hazina, tufuatane na kinga ya kikundi kwenye njia ya Bendera, tuone kwa macho yetu kwa nini mipira inakwisha haraka hivi. Mnakumbuka maneno ya mkutano. Tangu mvua zianze tumenunua mipira mara mbili kwa pesa ya likelemba. Kijana wetu anayesukuma mzigo ameanguka mara mbili, na mara ya mwisho bidoni ya mafuta ya mawese ilimwagika yote. Wengi tulisema kijana ni mzembe, tukamkata malipo.

Tulianza alfajiri karibu na ziwa, kinga imebeba ndakala, chumvi na sabuni. Kurudi hubeba mahindi, unga wa mihogo na mafuta. Ni kinga ya aina ya VTT, yenye mipira minene, lakini usidhani mtu anaipanda. Kinga yenye mzigo wa namna ile husukumwa: mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye fimbo iliyofungwa nyuma. Jambo hilo tulipaswa kulifikiri kabla ya kuchagua mipira. Mipira inayosifiwa kwa mbio haitusaidii sana, maana sisi hatukimbii.

Mchanga ulitupokea mapema. Tangu maji ya Tanganyika yalipopanda kuanzia mwaka 2020 na 2021, na tena mwaka 2024, yamekula ufuo na nyumba za watu, na mahali pengine yameacha mchanga mtupu. Gurudumu la nyuma lilizama, sisi watatu tukasukuma pamoja na kijana. Mwenzetu akashauri kupunguza upepo, kwa kuwa mpira laini hutanuka na kukanyaga juu ya mchanga. Ni kweli kwa kinga isiyo na mzigo. Ukiwa na mzigo mzito, mpira wenye upepo mdogo hubanwa kati ya jiwe na chuma cha gurudumu, na shambrea inatoboka matundu mawili sambamba, kama imeumwa na nyoka. Dawa ya mchanga kwetu ni upana. Mpira wetu wa nyuma ulikuwa wa 1.75, ukubwa wa 2.10 ungeingia vizuri bila kugusa chuma cha pembeni. Tuliununua mwembamba kwa sababu bei ilikuwa chini. Mama mweka hazina alinyamaza, na sisi tukanyamaza pamoja naye, kwa kuwa tulipiga kura wote.

Tukavuka daraja la Lukuga. Kila mara tukipita pale tunawaambia wanafunzi wetu kwamba mto huu ndio mlango pekee ambao maji ya ziwa yanatokea kwenda Lualaba, na kwamba mlango wenyewe huzibwa. Stanley alipofika mwaka 1876 aliukuta umejaa mchanga na matete, maji hayatoki. Miaka michache baadaye yalikwisha kuvunja na kutiririka kwa nguvu. Mchanga wa hapa una historia ndefu kuliko malalamiko yetu.

Baada ya mji njia ni udongo mwekundu uliokauka, mgumu, wenye vijiwe. Hapo mpira wenye meno marefu ni hasara: meno yanalia, yanasugulika, yanakwisha. Mahali hapa panataka mpira ambao meno ya katikati ni mafupi na yamekaribiana, kama mstari mmoja, na meno makubwa yako pembeni tu. Ubavu wake uwe mnene, kwa sababu vijiwe hupasua ubavu kabla ya kumaliza meno.

Halafu tukafika kwenye mteremko wa udongo wa mfinyanzi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Kijana akasimama, akatuonyesha: “Ni hapa, mama mwalimu. Mara zote mbili ni hapa.” Tukainama kutazama mpira wa mbele. Ulikuwa kipara. Hakuna jino hata moja katikati.

Tulijua ulifikaje pale. Ni sisi tulioagiza, kwa kubana matumizi, kwamba mpira mpya ukinunuliwa uwekwe nyuma, kwa kuwa nyuma ndiko kunakoisha, na ule uliochoka uhamishwe mbele. Inaonekana kama akili ya nyumbani, kama nguo ya mkubwa kupewa mdogo. Lakini gurudumu la nyuma likiteleza, mtu anaweza kulishikilia kwa fimbo. La mbele likiteleza, usukani unageuka, na mzigo wote unalala. Kijana akasema, “La mbele ndilo linaona njia, la nyuma linabeba tu.” Tulimuuliza kwa nini hakutuambia. Akajibu alituambia, mwezi wa kwanza. Mmoja wetu akakumbuka.

Tuliteremka tukishika kinga wanne, hatua kwa hatua. Chini tukapumzika kwenye mwembe, na mwenzetu anayefundisha historia akatusimulia habari ambayo hatukuitarajia kwenye safari ya ndakala. Dunlop alitengeneza mpira wa upepo kule Belfast mwaka 1888, akimfikiria mwanawe aliyepanda kinga ya magurudumu matatu. Ulaya na Marekani wakaanza kutafuta utomvu wa mpira kila mahali, na sehemu yake ilitoka kwenye misitu ya Kongo, kwa kazi ya nguvu, viboko na wanawake kushikwa mateka mpaka waume zao walete utomvu, hadi mwaka 1908 Leopold alipoondolewa nchi hii mikononi. Kijana alisikiliza huku akifuta tope kwenye meno ya mpira wa nyuma kwa kijiti.

Siku ya soko tulinunua. Mbele tumeweka mpira mpya wa 2.10, wenye meno marefu yaliyoachana, ili tope lidondoke badala ya kuganda. Kwenye ubavu kuna mshale; fundi anaweza kuusahau, kwa hiyo angalieni kwamba unaelekea mbele. Nyuma tumeweka ule wa mstari katikati, ubavu mnene, upepo umejaa. Huo utateleza kidogo kwenye tope, tumekubali. Mpira wa zamani tumeukata, kipande chake kimewekwa ndani ya ule wa nyuma kuzuia miiba, na shambrea zilizochoka zimekuwa kamba za kufungia mzigo.

Neno moja kwa wenye kununua peke yao. Usimwambie muuzaji “nataka ya 26” ukanyamaza. Ziko 26 za aina nyingi ambazo haziingiliani. Soma ubavuni namba mbili zenye kistari, kama 54-559: ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipimo cha chuma cha gurudumu. VTT yetu ni 559. Kuna 26 nyingine yenye 590, haiingii hata ukiipigia magoti. Tulikwisha kulipa tukajua. Zile kinga ndefu za kizamani za 28 mara nyingi ni 635.

Malipo aliyokatwa kijana yamerudishwa yote, pamoja na nauli ya siku mbili alizokaa nyumbani na goti lililovimba. Pesa hiyo imetoka kwenye sanduku la kikundi, na imeandikwa katika daftari kwa jina la kamati. Atatoka tena Jumanne, mvua ikikubali.