FIMBO YA KWENYE VIDEO NA SAMAKI WA NYASHIMO: Jamaa Alivyochota Hela ya Uzazi Akanunua Vifaa vya Kuvulia

Watu wa mbali wakisikia mkoa wa Simiyu wanawaza pamba na ng'ombe basi. Wanasahau kwamba wilaya ya Busega imeegemea Ziwa Victoria, kwenye Ghuba ya Speke, na makao makuu yake ndiyo hapo Nyashimo, kwenye lami ya Mwanza kwenda Musoma. Pale samaki si habari. Kuvua ni kazi, tena ya usiku, ya baridi na mkono uliopasuka. Ukimwambia mtu wa Nyashimo kuna watu duniani wanavua kwa raha, wanapiga picha na samaki halafu wanamrudisha majini, atakuangalia mara mbili mbili kama unaumwa.

Sasa kuna jamaa mmoja wa pale, dereva boda, miaka 26, hatutamtaja maana yuko humu anasoma. Huyu bando lake lote la usiku lilikuwa linaishia kwenye video za Wamarekani wanaovua samaki aitwaye besi. Kofia, miwani ya jua, boti inang'aa kama gari jipya. Fimbo nyembamba, rili ndogo imekaa juu ya fimbo, funza wa mpira wa zambarau. Rusha, vuta, samaki huyo! Jamaa akasema hii ndiyo yenyewe.

Na tusimcheke haraka, mpango wake ulikuwa na akili. Watalii wanapita Lamadi kila siku kwenda geti la Ndabaka, Serengeti. Wakishamaliza simba, jioni wanafanya nini? Jamaa akawaza: nikiwa na vifaa, nikiwa na ukurasa wenye wafuasi, nitawapeleka ziwani wanilipe. Boda si kazi ya kuzeekea.

Tatizo lilikuwa mtaji. Mchezo ulipomfikia alipokea sh. 400,000, na hiyo hela ilikuwa na jina tayari. Mke wake alikuwa na mimba ya miezi saba. Walikubaliana iingie kwenye bahasha, ikae kabatini: vifaa vya kujifungulia, chakula, na usafiri kama ikitokea rufaa usiku. Jamaa akachota 280,000 akaagiza seti mtandaoni kwa muuzaji wa Dar. Ndani ya bahasha ikabaki 120,000. Mke hakuambiwa.

Seti ikaja na basi. Nzuri kweli. Kwenye picha ilipendeza hadi watu wakaingia DM kuuliza bei.

SEKUNDE KUMI NA NNE

Siku ya kwanza alikodi mtumbwi na mtu wa kupiga kasia, akaweka simu kwenye stendi, akaanza kurusha. Saa nzima kimya. Halafu kitu kikashika. Fimbo ikakunjika kama upinde, rili ikalia, jamaa kwa kuogopa samaki asimtoroke akakaza breki mpaka mwisho. Paa! Mshipi ukakatika, yeye akaangukia mgongo kwenye maji ya ndani ya mtumbwi. Video nzima ina sekunde 14 na samaki hakuonekana hata mkia.

Aliyemrekodi pembeni ni mpiga kasia wake. Kufika jioni magrupu yote ya WhatsApp yalikuwa nayo, na mkewe anayekaanga samaki pale mtaani akaonyeshwa na mteja. "Shemeji huyu si yule wako?"

Watu walitegemea moto. Mama wa watu hakupiga kelele. Alimaliza kuuza, akarudi, akafungua kabati, akahesabu bahasha, akairudisha. Asubuhi akamuuliza swali moja tu: "Hivi mume wangu, hiyo fimbo ulimnunulia samaki gani?"

Jamaa hakuwa na jibu. Na hapo ndipo kosa la wengi lilipo. Tunanunua fimbo kwa kuangalia aliyeishika, hatuangalii samaki atakayeivuta.

BESI SI SANGARA

Besi wa kwenye video ni samaki wa Marekani. Afrika Mashariki yupo Ziwa Naivasha, Kenya, alipelekwa huko miaka ya 1920 kwa ajili ya wazungu waliopenda kuvua kwa raha. Besi wa kilo tatu ni habari ya kuita majirani. Vifaa vyake ni vyepesi kwa sababu mwenyewe ni mdogo, na anakaa kwenye majani na magogo ambako unahitaji kulenga kuliko kuvuta.

Ghuba ya Speke ina sangara. Naye ni mgeni pia, aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akawala furu mpaka aina nyingi zikapotea. Lakini mgeni huyu anaweza kupita kilo 100. Rekodi ya dunia ya sangara wa kuvuliwa kwa fimbo ni kilo 104 na ushee, ilipatikana Ziwa Nasser, Misri, mwaka 2000. Sasa mshipi aliokuwa nao jamaa ulikuwa wa paundi 10, yaani unakatika ukivutwa kwa uzito wa kilo nne na nusu hivi. Hata sangara wa kawaida wa sokoni akigeuza kichwa tu, kwisha habari.

Kama na wewe unajifunza mtandaoni, acha kutafuta besi. Tafuta barramundi wa Australia. Huyo ni ndugu wa sangara kabisa, wa jenasi moja, mdomo uleule, hasira zilezile. Vifaa vinavyomfaa yeye ndivyo vinavyokaribia kufaa kwetu.

MZEE WA MIGONZO

Aliyemsaidia jamaa ni mzee mmoja wa mwaloni, amevua kwa migonzo miaka na miaka. Hajawahi kugusa rili maishani mwake. Alishika ile seti, akaivuta vuta, akacheka. "Ng'wanawane, kamba hukatikia pembamba. Usiniulize fimbo nzuri ni ipi, niulize pembamba pako ni wapi."

Kutokana na hapo jamaa akaanza kupanga upya kutoka kwa samaki kurudi mkononi.

Mshipi kwanza. Kwa sangara anza na mshipi wa kusuka wa paundi 40 hadi 50. Ni mwembamba kuliko nailoni ya nguvu ileile, kwa hiyo unaingia mrefu kwenye rili. Mita 200 zinatosha kuanzia. Mbele yake funga kipande cha nailoni nene, mita moja na nusu hivi, ya paundi 60 hadi 80. Sangara hana meno ya kung'ata kama mbwa, ila mdomo wake unakwaruza kama msasa na kifuniko cha shavu lake kinakata. Bila kile kipande, anakusugua taratibu mpaka unaachia.

Rili. Ile ndogo ya kukaa juu ya fimbo ni tamu ukishaizoea, lakini kwa anayeanza inavuruga mshipi kila ukirusha dhidi ya upepo. Rili ya kuning'inia chini ya fimbo, saizi ya 5000 au 6000, inasamehe. Cha kuangalia si rangi wala idadi ya beringi walizoandika kwenye boksi. Angalia breki. Inatakiwa iachie mshipi kwa ulaini bila kushtuka shtuka. Ifunge iachie kwenye robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi. Mshipi wa paundi 40 ni kama kilo 18, kwa hiyo breki iachie kwenye kilo nne na nusu hadi sita. Utajuaje? Ning'iniza mizani ya samaki kwenye mshipi, vuta, soma. Jamaa alitumia mizani ya mkewe.

Fimbo inakuja mwisho, ndiyo wengi wanaanza nayo. Kwenye mtumbwi futi saba inatosha, ndefu zaidi inakuwa fujo. Ukivua kutoka nchi kavu, futi nane au tisa ili urushe mbali. Karibu na mpini kuna maandishi ya uzito wa chambo ambao fimbo inaweza kurusha. Kwa sangara tafuta gramu 30 hadi 80. Kama haina maandishi yoyote, hiyo ni ya kupigia picha.

MWENYE SIRI YA CHAMBO ALIKUWA NYUMBANI

Jamaa alikuwa na pakiti nzima ya funza wa zambarau. Mkewe akawatazama akasema, "Mimi napasua sangara kila siku. Sijawahi kumkuta huyu mdudu tumboni."

Akamuita akae pembeni ya beseni. Wakapasua wote. Tumbo moja dagaa. Jingine furu. Vile visangara vidogo vimejaa vikamba vya kwenye matope. Kimoja, sangara mkubwa, tumboni ana sangara mdogo. Kumbe kanuni ya chambo bandia ilikuwa inamwagwa kila jioni na kuliwa na paka: fananisha umbo na ukubwa na kile samaki wako anachokula wiki hii, pale unapovua.

Wakafikia aina tatu. Samaki wa plastiki au mti mwenye ulimi mbele; ulimi mrefu uliolala unamzamisha zaidi, mfupi uliosimama unamweka juu. Samaki wa mpira kwenye kichwa cha risasi, wa kudundisha chini taratibu. Na kijiko, kibati kinachoyumba na kumetameta kama dagaa aliyejeruhiwa. Maji ya ghuba mara nyingi yana ukungu wa tope, kwa hiyo kinachotikisika na kinachong'aa kinapata kura kuliko rangi za kupendeza. Na ndoano za kiwandani kwenye vyambo vya bei poa hunyooka kama pini, zibadilishe.

BAHASHA

Baada ya hapo ndipo mama akatoa hukumu. Seti iuzwe. Kijana mmoja wa Mwanza aliinunua 170,000, hasara ya 110,000 na hakuna wa kulaumiwa. "Laki moja inarudi kwenye bahasha," akasema mke. "Sabini utavulia. Ikiisha, imeisha."

Sh. 70,000 haifiki mbali, ila inafika. Jamaa alipata fimbo nzito iliyotumika pamoja na rili yake, mkwaruzo kila mahali lakini breki laini. Kilichobaki kikaenda kwenye mshipi. Vyambo hakununua. Alichukua kijiko cha kulia wali, akakata mpini, akatoboa tundu huku na huku, akaweka pete na ndoano za dukani mwaloni. Kijiko kilikuwa cha seti ya harusi, na aliomba ruhusa safari hii.

Akapita pia kwa ofisa uvuvi kuuliza habari za leseni, maana kuvua kwa raha si kuvua bila sheria. Sangara chini ya sentimita 50 anarudi majini. Akaambiwa na mzee asisimame ndani ya maji hata yakiwa ya magotini: kichocho kipo, mamba wapo, na kiboko hana utani. Jaketi la kuokolea akaazima.

Safari tatu hakupata kitu. Ya nne, jua linazama, akapata sangara wa sentimita 41. Akampima, akampiga picha, akamwachia, mpiga kasia akasonya mpaka wakafika nchi kavu. Ya tano kijiko kikashikwa kwa nguvu. Rili ikalia, na jamaa mkono wake ukaenda kwenye breki kama siku ile. Akaurudisha. Akamwacha aende, akamrudisha, akamwacha tena. Dakika kumi hivi. Sangara wa sentimita 76, kilo sita za kutosha. Video ile haikutrendi hata kidogo, ilipata watazamaji mia mbili na kitu. Watu wanapenda mtu akianguka.

Wiki tatu baadaye, saa saba usiku, mke akashikwa uchungu ukawa na shida, zahanati wakasema aende hospitali kubwa haraka. Gari la kukodi usiku huo lilitaka 150,000 mkononi kabla ya kuwasha. Bahasha ilikuwa na 220,000. Fanya hesabu mwenyewe ingekuwa na ngapi kama ile seti nzuri ya kwenye picha ingebaki ukutani.

Mtoto ni wa kike, mzima, na mama mzima. Mtalii wa kwanza bado hajaja. Jamaa anaendesha boda mchana, na fimbo ya mikwaruzo imelala juu ya kabati, kijiko kinaning'inia. Mama akirudi kukaanga atakuwa anamwambia kila jioni matumboni kuna nini.

Haya wadau, wewe ungekuwa huyo mke ungemuachia ile sabini, au ungerudisha yote kwenye bahasha? Dondosha komenti, na matusi kaa nayo.