Tandu Katika Nyumba ya Mawe

Masika iliyopita tulikuwa Lamu, mtaa wa Mkomani, wageni katika nyumba kongwe ya mawe ya matumbawe na boriti za mikoko. Kabla ya alfajiri tulisikia kilio: mjukuu wa mwenyeji wetu, aliyelala chini kwenye mkeka, ameumwa na tandu. Mkono ulivimba, alhamdulillahi, kufikia adhuhuri maumivu yalikuwa yamepoa.

Bibi wa nyumba akatuonyesha ukuta. Sehemu ya chini ilikuwa imepigwa lipu ya saruji, nayo ilikuwa imetota. Wazee wetu walitumia chokaa, kwani jiwe la matumbawe hunyonya maji, na chokaa huyaacha yatoke. Saruji huyafungia ndani. Tandu naye mwili wake hukauka upesi, hivyo hufuata unyevu, giza, na mende awalao usiku.

Basi enyi mama zetu, dawa si sumu pekee. Saruji ibanduliwe, chokaa irudishwe, nyufa zizibwe, madirisha yafunguliwe mchana, mikeka ianikwe juani, makombo yafagiwe kabla ya kulala, na watoto walazwe kitandani.

Tena Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kukung'uta tandiko kabla ya kulala, kwani hatujui kilichoingia nyuma yetu. Sunna hiyo haigharimu hata senti moja. Usiku ule mkeka ulitandikwa mapema, na hakuna aliyeukung'uta, nasi tukiwamo. Mwenyezi Mungu atusamehe, na awahifadhi watoto wetu. Amin.