Kariakoo, Kutafuta Kompyuta Isiyozimwa

Nilikuwa sijawahi kupanda treni ya SGR, na Kariakoo nilikuwa naijua kwa vitenge na vyombo tu. Huduma ya treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Morogoro ilianza Juni 2024, lakini mimi niliendelea na basi kwa mazoea. Safari hii nilitaka kufika mapema, maduka yakiwa ndiyo kwanza yanafunguliwa na wauzaji wana nafasi ya kuzungumza. Milima ya Uluguru ikabaki nyuma, Ngerengere ikapita, kisha Ruvu. Nilijua treni hii hufika kilomita 160 kwa saa, lakini sikutegemea itulie kiasi cha kuniwezesha kuandika. Nikafungua daftari na kurudia hesabu za umeme wa nyumbani.

Hesabu zenyewe zilitokana na kompyuta kuukuu ya mezani. Humo ndimo tulimoweka picha za marehemu baba tulizozipiga upya kwa simu kabla unyevu haujazimaliza, sauti za bibi akisimulia kwa Kiluguru, na video za sherehe zote za ukoo. Kila mwenye simu pale nyumbani alizifikia kupitia ruta, bila kugusa bando. Ila kila usiku mama aliizima ukutani kwenye swichi, na sababu alikuwa nayo. Mashine ile ilikula wati 60 hata ikiwa imekaa bure. Kwa saa 24 hiyo ni karibu uniti moja na nusu. Kwa mwezi ni uniti 43. Sisi tuko kundi la D1, la nyumba zenye matumizi madogo: uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi, na ukivuka hapo kila uniti ni shilingi 350. Ukiongeza friji na taa, kompyuta hiyo peke yake inatosha kuivusha nyumba mpaka huo.

Lakini usiku ndio wakati wa kazi. Simu zikiwa kwenye chaji na watu wamelala, ndipo zinapotuma picha za mchana kwenye hifadhi. Kompyuta ikizimwa usiku, picha zinabaki kwenye simu, na simu huibiwa, hudumbukia majini, hubadilishwa. Kwa hiyo nilikwenda Dar kutafuta mashine ambayo hakuna mtu pale nyumbani atakayeona sababu ya kuizima. Nguvu, rangi na jina la kampuni vilikuja baadaye.

Kutoka stesheni hadi Kariakoo si mbali. Mitaa ya Aggrey na Likoma ilikuwa tayari imejaa simu, kava na spika zinazopigana kelele. Kwenye meza ya kwanza niliyosimama kulikuwa na kidude chembamba kilichoandikwa terabaiti 16, kwa bei ya chakula cha mchana cha familia. Nikapita. Vitu vya namna hiyo huwa na chipu ndogo iliyofundishwa kudanganya: kompyuta inaambiwa nafasi ipo, wewe unajaza, na data mpya inaandikwa juu ya ya zamani. Utaona majina ya mafaili yote. Siku ya kuyafungua ndipo utakapojua. Kumuuzia mtu kitu hicho ahifadhie picha za wazazi wake ni ukatili.

Duka la pili lilikuwa na kompyuta zilizotumika maofisini ng'ambo. "Karibu dada, unatafuta seva? Hii hapa, Xeon, haijawahi kulalamika," muuzaji akasema, akinionyesha mnara mzito uliouzwa rahisi kuliko nilivyodhani. Nikamwomba tuichomeke kwenye kipima wati nilichoazima kwa fundi wa mtaani kwetu, kile unachochomeka ukutani kisha kifaa unakichomeka juu yake. Tukasubiri iwake na kutulia. Wati 84. Muuzaji mwenyewe akacheka, akasema, "Hii itakumalizia luku, dada."

Ghorofani kwake alikuwapo fundi kijana, na kwake ndiko nilikojifunza zaidi. Mezani alikuwa na Lenovo ThinkCentre Tiny, kompyuta ya ofisini yenye ukubwa wa kitabu kinene. Adapta yake imeandikwa wati 65, nami nikaanza kuirudisha. Akanizuia. "Ndoo ya lita 20 si lazima uijaze, dada. Hiyo 65 ni kiwango cha juu inachoweza kutoa. Ipime." Tukaipima: ikiwa imetulia ilikuwa kati ya wati 8 na 9. Kazi ya kutunza mafaili ni ya kusubiri zaidi kuliko kutenda, kwa hiyo namba ya utulivu ndiyo inayolipiwa mwezi mzima.

Tukalinganisha na nyingine. Raspberry Pi 5 hutumia umeme kidogo zaidi, wati tatu au nne, lakini ukishanunua adapta yake, kasha na diski ya nje, bei inapanda, na diski ikivuta umeme mwingi kupitia tundu la USB huanza kukatikakatika. Sanduku la Synology la diski mbili ni zuri na rahisi kuliendesha; likiwa kazini na diski kubwa za inchi 3.5 hutumia kama wati 17, na bei yake mpya ilikuwa juu ya uwezo wangu. Diski hizo ndizo mlaji mkuu, maana mota huzunguka muda wote. Kwa terabaiti mbili tulizohitaji sisi, SSD moja ndani ya ile Tiny ilitosha.

Niliinunua. Kwa mwezi ni takriban uniti sita na nusu.

Kuna faida nyingine sikuifikiria kabla fundi hajaitaja. UPS ndogo huwa na betri ya volti 12 na ampea-saa 7, yaani wati-saa 84 kwenye karatasi. Kwa kompyuta yetu ya zamani isingefika saa moja na nusu hata kwenye karatasi. Kwa Tiny na ruta, kama wati 17 kwa pamoja, hata ukitoa kinachopotea njiani, zinabaki saa kadhaa. Umeme ukikatika Morogoro, mara nyingi unarudi kabla ya hapo, na mafaili hayakatizwi katikati ya kuandikwa.

Nyumbani niliweka OpenMediaVault, programu ya bure iliyojengwa juu ya Debian, kisha nikaunganisha simu moja moja. Kilichobaki ni nakala ya nje ya nyumba, kwa sababu mwizi na moto havitofautishi wati. Nimejaza diski ndogo ya inchi 2.5, nikaifungia nywila, na dada yangu wa Dodoma atakapokuja Pasaka ataondoka nayo kwa treni. Krismasi atairudisha, nimpe nyingine.