Mzuka na Msiba katika Hamlet

Mchezo wa Hamlet, uliotungwa na Shakespeare yapata mwaka 1600, huhesabiwa na wengi kuwa kisa cha kisasi. Hesabu hiyo ina haki yake, lakini huwapunja vijana wawili waliomo. Hamlet ni mwanafunzi wa chuo cha Wittenberg aliyerudi kwao Denmark baada ya kufiwa na baba. Ophelia ni msichana ambaye naye, kabla mchezo haujaisha, hufiwa na wake. Msiba wa kwanza una mzuka. Wa pili hauna. Katika tofauti hiyo mna fumbo zito kuliko lile la nani aliyemwua mfalme, maana jina la mwuaji hutajwa mapema sana.

Kwanza hapana budi kuiangalia haraka ya mambo. Haukupita hata mwezi tangu mfalme afe, malkia akaolewa na shemeji yake. Msomaji wa pwani, aliyezoea kuhesabu eda ya mjane kwa miezi 4 na siku 10, hana haja ya kuelezwa aibu ya jambo hili. Na Waingereza wa zama zile nao walikatazwa na kanisa kuoa mke wa marehemu ndugu. Mfalme mpya humkemea kijana mbele ya baraza kwamba kulia sana hakumpasi mwanamume. Mwenye msiba amenyimwa matanga. Tena dini nayo ilikuwa imegeuka. Mwaka 1547 sheria ya Uingereza ilifuta wakfu za kuwaombea wafu, na watu wakafundishwa kuwa hapana mahali pa kutakasiwa roho baada ya kufa. Wittenberg ndio mji wa Luther. Basi mzuka unaodai kutoka katika moto wa kutakasiwa humjia mtu aliyetoka katika mji uliofundisha kwamba moto huo haupo.

Je, ni wazimu? Walinzi wawili waliuona mzuka kabla ya Hamlet, na Horatio, mwanafunzi mwenziwe asiyeamini upesi, akauona pia. Kwa hiyo si ndoto. Walakini baadaye, chumbani mwa malkia, mzuka huja tena, na mama haoni kitu ila mwanawe akisema na hewa. Ule wa ngomeni ulivaa deraya. Katika chapa ya mwaka 1603 huu wa chumbani umevaa nguo za kulalia. Mfalme wa vita alionekana na askari wake. Baba wa nyumbani huonekana na mtoto tu, na mjane wake humtazama mtoto huyo kwa hofu.

Elimu ya wakati ule ilikuwa na jibu tayari. Mwaka 1586 tabibu Timothy Bright alichapa kitabu juu ya ugonjwa wa huzuni, akieleza jinsi nyongo nyeusi inavyotia giza bongo na kuonyesha vitisho visivyokuwapo. Hamlet hufikiri vivyo hivyo. Yamkini, ajiambia, shetani amejivika umbo la baba na kuitumia huzuni yake ili ampoteze. Ndiyo sababu awaagiza waigizaji wacheze mauaji mbele ya mfalme, ushahidi upate kutoka nje ya kichwa chake. Wanaomwita mwenda wazimu hulipita jambo hili mbio mno. Si kwamba yu mzima: furaha imemtoka, huota ndoto mbaya, hutamani kufa. Huo ni ugonjwa wa kweli, hata kama vituko vyake vingi ni vya kujitia. Lakini haukumnyang'anya uwezo wa kuyashuku macho yake mwenyewe.

Ophelia hana hata hilo. Baba yake huuawa na mtu aliyempenda, huzikwa kwa siri na haraka, na kaka yake yuko mbali Ufaransa. Hapana roho inayokuja kumwambia neno, wala hana Horatio wake. Akili humruka, huimba, hugawa maua na majani. Mfalme huamuru afuatwe karibu na alindwe vema, na amri hiyo ndiyo dawa yote apewayo. Halafu huja habari kuwa amekufa maji. Padri hufupisha ibada, kwa kuwa yadhaniwa alijiua. Katika Uingereza aliyehukumiwa hivyo aliweza kuzikwa njia panda mpaka sheria ya mwaka 1823 ilipokataza, na kujiua kwenyewe kuliendelea kuwa kosa la jinai hadi 1961.

Anayeleta habari ya kifo chake ni malkia. Aeleza mti ulioinama juu ya kijito, tawi lililovunjika, nguo zilizotanda na kumweleza msichana juu ya maji, nyimbo alizoziimba mpaka nguo zikalowa na kumvuta chini. Yote hayo yalichukua muda. Yupo aliyesimama ukingoni akaona tangu tawi hadi tope, naye hatajwi, wala kaka mtu, aliyekwisha kurejea na kuisikiliza habari hiyo, hamwulizi malkia ni nani. Auliza mahali tu.