Ufito wa Dola 800

Kuna maswali yanayoonekana madogo mpaka fedha iwekwe mezani. Langu lilikuwa hili: je, yafaa kutoa dola 400 kwa ajili ya ufito wa kuvulia samaki?

Shauri lilitoka kwa ndugu yangu, mtoto wa mjomba, aishiye Ubelgiji. Huko amejifunza kuvua kwa nzi wa bandia, yaani ndoana ndogo iliyovikwa manyoya na nyuzi hata ikafanana na mdudu. Alitaka tununue ufito mrefu unaoshikwa kwa mikono miwili, bei yake dola 800. Yeye atoe nusu, nami nusu. Nusu yangu ilikuwapo. Mama nami tuliiweka kidogo kidogo kutokana na biashara ya mafuta ya mawese. Lakini akiba hiyo hiyo ilikuwa ikingojewa na karo ya wadogo zangu wawili.

Sikutaka kumjibu kwamba hiyo ni anasa ya Wazungu, basi. Hoja ya mtu husikilizwa kwanza. Fito za namna hiyo zinajulikana sana katika mito ya Uskoti, na mto Spey umeupa jina mtindo wenyewe wa kutupa mshipi. Mahali penye miti au mwinuko nyuma ya mvuvi, mshipi ukirushwa nyuma hunasa. Ufito wa mita 4 hivi humwezesha kuuzungusha mshipi juu ya maji yaliyo mbele yake na kuupeleka mbali. Zamani fito hizo zilikuwa za mbao. Siku hizi hufanywa kwa nyuzi za kaboni, na zilizo bora huuzwa zaidi ya dola 1,000.

Nani aujuaye mto Lowa asione maana ya hayo? Kwetu Walikale msitu unashuka hadi majini. Mgongo wa mvuvi unagusa majani. Katika maziwa ya Mokoto, kule Masisi, mvuvi aliye ndani ya mtumbwi hana mti nyuma yake, wala hana haja ya kutupa mbali. Kwa hiyo ndugu yangu alikuwa ameliona tatizo la kweli la mto wetu.

Ila ufito ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni samaki. Salmoni wa Uskoti huvutwa na kitu kinachopita mbele ya macho yake. Kambare wetu hutafuta chakula usiku, chini ya maji, kwa kunusa na kwa kupapasa kwa ndevu zake. Mvua ikinyesha na maji yakachafuka, manyoya mazuri yatamfaa nini? Kwake mnyoo una neno kubwa zaidi. Ndiyo maana wazee wetu hutega ndoana jioni na kuzitazama alfajiri.

Kisha kuna hesabu ambayo muuzaji wa Ulaya haandiki katika bei yake. Vita vilipofika Walikale mwezi Machi 2025, watu walikimbilia msituni na vile walivyoweza kubeba. Ndoana kumi zilizofungwa kitambaani huingia mfukoni. Ufito wa thamani hukaa ndani ya bomba refu, nalo bomba refu begani, kwenye kizuizi cha barabarani, laweza kudhaniwa kuwa silaha. Tena ukivunjika ncha, kipande kingine hutoka ng'ambo. Mwanzi ukivunjika, panga moja latosha.

Hata hivyo msifikiri nasema kwamba cha bei ndogo ndicho chema. Anayevua kwa chandarua cha mbu hutumia kitu rahisi kabisa, naye huzoa vifaranga vya samaki ambavyo vingekuwa chakula cha mwakani. Ndoana hafifu hunyooka samaki mkubwa anapovuta, na usiku mzima wa kazi unapotea. Kwa hiyo lazima tuulize: kitu hiki kinafaa mto huu, samaki huyu, na watu hawa wanaongoja nyumbani?

Injili ya Mathayo, sura ya 17, yasimulia jinsi Petro alivyotumwa kutupa ndoana ili ipatikane sarafu ya kulipa kodi. Sarafu ile ilitosha watu wawili, wala hatusomi kwamba ilibaki ziada. Mara nyingi nimefikiri juu ya kutosha huko.

Nilimwandikia ndugu yangu kwa heshima, nikimweleza sababu zangu moja moja. Nikamwomba, akipenda, atume ndoana imara na nyuzi za kusokota zisizokatika upesi. Alinuna siku kadhaa, kisha akatuma. Karo ililipwa. Amesema kwamba siku amani itakapomruhusu kuja, atakuja na ufito wake mwenyewe. Nami kwa kweli ninatamani kuuona ukizunguka juu ya Lowa, hata kama kambare hatauangalia.

Kwa kutafakari katika kikundi:

1. Ni kitu gani cha bei kubwa ambacho kikundi chetu kinakitamani, na kingefanya kazi gani hapa tunapoishi?
2. Ni kitu gani rahisi tunachotumia, ambacho gharama yake italipwa na wengine?
3. Tunawezaje kumkatalia ndugu zawadi yake bila kuudharau upendo wake?